Vyuma vya Marehemu Mohand

Yamina mwanangu,

Nyama ya kondoo iko kwenye friji, imelala na bizari na pilipili tamu tangu jana. Igeuze saa sita. Usiongeze chumvi, nimeshaitia. Makaa yako roshani.

Vyuma vya mishikaki usivitafute. Asubuhi, nyie bado mmelala, mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na gari lake, kipaza sauti kinapiga kelele: "Leteni friji mbovu, leteni vitanda!" Nikamshushia lile boksi la roshani. ~~Sikujua kama vyuma vya marehemu baba yako vimo ndani.~~

Nilijua. Nilivifunika kwa gazeti mwenyewe.

Miaka minne sasa, kila sikukuu, Fermín anamaliza mishikaki kumi halafu ananiambia, "Mama, mchuzi wako tutaula kesho." Mwana niliyemzaa mimi! Na baba yako Mohand alivitumia vyuma vile kuchomea nyama miaka thelathini kule Melilla, mpaka vikapinda kwa mkono wake, nami nikaviita takataka. Kumbe kijicho hakizeeki.

~~Tumia vijiti vya dukani.~~ Usiwashe moto, nisubirini. Nimemfuata yule bwana kwenye yadi yake, nyuma ya stesheni. Akikataa kuvirudisha bure, ana haki yake.

Kwa hiyo ukiona sufuria yangu kubwa ya shaba haipo mahali pake, usiniulize. Leo hakuna mchuzi.

Mama mkwe wako