Chupa ya Maziwa

Mdogo wangu Tegan,

Hujambo? Huku Ballina mvua imekatika na kuku wameanza tena kutaga.

Tulikuona kwenye runinga ukipokea tuzo. Waigizaji wenzako wote walikuwa wamepuliziwa rangi ya kahawia ili waonekane wameota jua, wewe peke yako mweupe pe, na kovu la ile saratani ya ngozi liko wazi mgongoni. Mume wangu akauliza, "Shemeji kasahau kupuliziwa?" Nikamwambia, "Nyamaza, Craig. Hajasahau."

Nikakumbuka nilivyokuwa nikikuita chupa ya maziwa kwa weupe wako, hadi ukakubali nikupake mafuta ya kupikia, tukalala juu ya bati la banda jua litukaange. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ngozi yako ilibambuka, ukalia, nami nikacheka. Hatujawahi kulizungumza.

Kesho yake baada ya kukuona kwenye runinga, nilienda kumwonyesha daktari kile kidoa changu cha shingoni. Kimeshakatwa, usihangaike. Daktari anasema nimewahi. Aliniuliza ni nani aliyenisukuma kuja, maana watu wa rika langu hawaji.

Nikamjibu, "Chupa ya maziwa."

Nisamehe.

Dada yako,
Bronwen