Picha Niliyoificha Baba Mkubwa Asichekwe

Mamboleo,
Kisumu.
16 Septemba 2025

Mpendwa dada Adero,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ila mgongo unamsumbua mama yako kila asubuhi, na mvua imetunyima mahindi huko Sondu. Wewe u mzima? Baridi ya Norwe imeshaanza? Natumaini kazi ya wodini haikuchoshi sana.

Uliniomba niandike kwa Kiswahili kwa sababu mwanao Debra anakisoma chuoni na anataka barua ya kutoka nyumbani. Nimetii. Bahati mbaya barua yenyewe ndiyo hii, na sasa hata mtoto atajua mjomba wake ni mtu wa namna gani.

Adero, nilikudanganya. Zile picha za baba yako za Urusi hazikuharibiwa na mvua. Paa la nyumba ya Sondu halijavuja hata siku moja. Uliponipigia simu mwezi wa Aprili ukitaka nikutumie picha pamoja na maandishi yake ya nyuma, nilishikwa na woga nikataja mvua. Ukalia, halafu ukaanza kunifariji mimi. Tangu siku hiyo nikiona jina lako kwenye simu naiacha iite mpaka inyamaze.

Ilikuwa hivi. Desemba iliyopita, tulipokuwa tukijiandaa kumzika baba yako, Baba Mkubwa Okello, nawe ukakosa ruhusa ya kusafiri, kamati ilinipa kazi ya ubao wa picha, ule wa kusimamishwa kando ya jeneza watu wapite wakitazama. Unajua mazishi ya kwetu, watu huhesabu mpaka spika. Nikakumbuka bahasha yake ya Leningrad, picha thelathini na mbili za miaka ile ya sitini alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi.

Nilizibandika kwenye plaiwudi kwa gundi ya seremala, ili upepo usije ukanitia aibu mbele ya wageni. Sikugeuza hata moja kusoma nyuma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nilijua. Wote tulijua kwamba nyuma ya kila picha alimwandikia nyanya yetu kumweleza anachokiona kule. Mimi nikasema moyoni, maandishi yako nyuma, nani atayaona?

Na ubao ulinipa sifa, sikufichi. Wazee wa Dunga, wavuvi wa ziwani, waligoma kuondoka mbele ya picha ya wavuvi waliokaa juu ya mto ulioganda, kila mtu na kishimo chake. Mmoja akaapa kwamba hao si wavuvi, ni wafungwa wanaadhibiwa. Akina mama walicheka ile foleni ya watu wanaokunywa kutoka kwenye pipa la barabarani kwa glasi moja. Mkwe wetu Gordon, wa mtaa wa matajiri wa Milimani, akanishika bega: "Bwana Frankline, hapa umefanya kazi. Huyu mzee alikuwa mtu mkubwa!" Kichwa kikanivimba.

Baada ya simu yako nilienda Sondu, ulikobaki ubao, na wembe, nikachota maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Nikaanza kubandua picha ya tramu, lile gari la reli la mjini. Ilichanika vipande vipande, na maji yakageuka bluu. Ilikuwa wino wa baba yako, Adero. Mama yako alinikuta nimechuchumaa pale.

"Si ungeniuliza tu, mwanangu?" akasema. "Hayo maneno nilikuwa nayajua. Sasa hata mimi yameanza kunipotea."

Angenitukana ningepata nafuu.

Sasa kila Jumamosi nakwenda kwake na daftari. Tunakaa mbele ya ubao, ananiambia anayoyakumbuka, naandika. Tumefika picha ya tisa. Nyingine anaitazama muda mrefu, kisha anatikisa kichwa na tunapita.

Nimesema picha zilikuwa thelathini na mbili. Ubaoni niliweka thelathini na moja. Katika ile moja baba yako amevaa aproni na viatu vikubwa vya manyoya, ameshika sepetu, anazoa theluji barabarani pamoja na wanawake watatu wafagiaji. Kwenye risala ya mazishi tulikuwa tumeandika "mhandisi msomi." Nikawafikiria akina Gordon, nikaona watasema kumbe alikwenda Urusi kufagia. Nikaichomeka ndani ya kitabu changu cha nyimbo, nikaisahau.

Jumapili iliyopita, katikati ya ibada, picha hiyo ikaponyoka kitabuni ikaanguka sakafuni kifudifudi. Wino wake ungali mzito. Aliandika kwa Kijaluo, nami namwandikia Debra kwa Kiswahili:

"Mama, huyu wa katikati ni mimi. Hapa kila mwanafunzi anazoa theluji, na mimi nimewashinda wote. Waonyeshe watu wote wa nyumbani."

Nilitoka nje wimbo ukiendelea. Katika picha zote, pengine hii ndiyo pekee aliyoomba ionyeshwe, na ndiyo mimi niliyoionea haya.

Nimeiweka humu ndani. Haijaguswa na gundi. Mwonyeshe Debra, kisha muwaonyeshe mnaoishi nao. Nakala yake nimeikuza, na siku ya ukumbusho Desemba nitaisimamisha mbele ya watu wale wale, na Gordon akiwepo, niwaambie nilichofanya. Sikuombi unisamehe kwa haraka. Ukipiga simu, safari hii nitapokea.

Mama yako anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Oduor na Lornah wa hapa nyumbani pia wanakusalimu, na Nelima wa jirani anauliza utakuja lini. Mungu akulinde wewe na Debra katika baridi hiyo.

Ni mimi ndugu yako akupendaye, ingawa kwa haya,

Frankline