Mzunguko wa Jumamosi

Alhamisi, 12 Juni

Binti yangu,

Kabla sijaitikia shikamoo yako niseme nililokuficha maisha yako yote: ule mzunguko wangu wa Jumamosi sikuwahi kuumaliza hata mara moja.

Sasa marahaba. Hali yangu ni ya mtu anayesubiri kuitwa. Tangu daktari wa koo aondoke na sauti yangu, shangazi yako, anayeniuguza hapa kwake, amenenepa kwa furaha. Anasema kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe ndiye anayemaliza sentensi. Uji unapita, maji yanapita, maneno ndiyo hayapiti, kwa hiyo nayaandika. Natumai wewe hujambo na vumbi la ile nyumba halijakupa mafua.

Umeniandikia kwamba ulipokuwa ukitoa vitu stoo uliiona baiskeli yangu, fundi wa kona ameitia tairi mpya, na Jumamosi hii unataka kuuzunguka mzunguko wote kama nilivyokuwa nikikusimulia mezani, uje unieleze ningali hai. Umenitoa machozi, kisha ukanitoa jasho.

Njia unaijua kwa masikio. Unatokea nyuma ya posta, unafuata kijia cha michongoma hadi kijiji cha wafyatua matofali, unapanda hadi kijiji chenye mashine ya kusaga, unateremkia bwawani, unapita kwa wafuma mikeka, na daraja la mbao linakurudisha mjini jua likizama. Kwenye ramani ndivyo ilivyo. Lakini mimi nilikuwa nafika kwenye mashine ya kusaga, nashinda hapo, narudi nilikotoka. Bwawa sijaliona kwa macho yangu. Yule jogoo wa wafuma mikeka anayewika watu wakila chakula cha mchana, aliyekuchekesha utoto wako wote, nilimfuga mwenyewe kichwani.

Usiende, mwanangu. Kama miguu imeshawasha, ishia kwa wafyatua matofali, ugeuze. Sababu nitakuandikia nikipata nguvu. Shangazi yako anampa barua hii kondakta wa basi.

Baba yako


Jumapili, 15 Juni

Baba,

Shikamoo. Umelalaje? Koo linasemaje? Nauliza kwa sababu unaumwa na kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Mimi sijalala. Barua yako nimeikuta chini ya mlango niliporudi.

Mpaka kwa wafyatua matofali nilikuwa naimba. Utotoni ulinikataza kupanda nyuma ya baiskeli yako, ukisema njia ina mbwa. Mbwa sikumwona hata mmoja. Nikapanda kile kilima kwa kusukuma, na pale juu mama mmoja mwenye debe kichwani akanisimamisha katikati ya njia. Hakunisalimu. Aliniuliza mashine nimemwachia nani, watu wamepanga foleni tangu asubuhi, na suruali hii nimeitoa wapi. Nikamwambia amenifananisha. Akaniambia utani huo nikamfanyie mume wangu. Mshona viatu aliyekuwa kando akadakia kwamba leo nimenawa unga, ndiyo maana najikana. Nikacheka nao, Baba. Niliona ni watu wa mzaha. Nikafuata mlio wa mashine, na watoto nyuma yangu wakaniita Mama Pumba.

Mle ndani kila kitu kilikuwa cheupe. Mwanamke alikuwa ameinama akikung'uta gunia. Akainua uso. Akazima mashine. Ana mwanya wangu. Ana paji langu la uso. Alikuwa ameshika kiuno kwa mkono wa kushoto, kama mimi nikikasirika, na nilipojiangalia na mimi nilikuwa nimeshika hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nani amekuleta hapa na uso wangu?"

Tukakaa juu ya magunia kama watu walioshushwa kwenye ajali. Hakujua lolote. Amelelewa na bibi yake. Mama yake, anasema, alikufa kwa uzazi. Anakujua wewe. Anakuita Mwalimu wa Jumamosi. Ulimfundisha kusoma kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu ya mashine, na siku ya ndoa yake ulikaa mstari wa mbele. Aliniuliza Mwalimu ni nani yangu. Nikasema ni baba. Akalirudia hilo neno polepole, kama mtu anayeonja mboga ajue kama imechacha.

Sikuweza kurudi kwa kupita mbele ya watu wale. Nikaenda mbele, nikalimaliza duara lako. Bwawa limekauka. Daraja ni la zege.

Marehemu Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Mwenye nyumba hayupo, anazunguka." Kumbe ulikuwa unatuzunguka sisi. Mama alijua? Yule ni nani, na mimi ni nani? Usinifundishe, Baba. Nijibu.

Binti yako, mpaka utakaposema vingine


Alhamisi, 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Naitikia upesi kwa sababu sijui kama nitapewa nyingine. Barua yako shangazi yako amenipokonya akaisoma, akakaa sakafuni. Naye hakujua. Tangu hapo uji unaletwa bila neno.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kweli sikuzaa. Wewe na huyo mwenzako ni pacha. Baba yenu alikuwa mfyatua matofali. Tanuri lilimwangukia mkiwa bado tumboni. Mama yenu alifariki siku mliyozaliwa, katika kijiji hicho hicho cha mashine. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikipita shule za vijijini kwa baiskeli kukagua masomo, na mama aliyekulea tulikuwa tumekwisha kugonga milango ya kila daktari. Bibi yenu alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alizungumza nami, nikazungumza na mke wangu, na Jumamosi moja nikakuleta nyumbani. Mwenzako akabaki kwa bibi. Nikawa naenda kumwangalia, asikose kabisa ulichopata wewe. Mama yako alijua mlizaliwa wawili. Safari zangu za huko hakuzijua.

Mimi si baba yako wa damu. Nilidhani mkono utagoma kuandika sentensi hiyo, haukugoma.

Mlete mwenzako. Njooni mnione mngali mnaweza kunigombeza.

Baba aliyekulea


Jumapili, 22 Juni

Baba,

Shikamoo. Unapata nafuu? Unakula? Mwambie Shangazi aseme nawe, nimemwomba.

Nakuandikia nikiwa kwenye mashine, karatasi iko juu ya debe. Jana nimerudi huku, nimemsomea barua yako mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza akipepeta. Nilipofika pale pa kubaki kwa bibi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka ungo chini.

"Kila nikimwudhi," akasema, "bibi alikuwa ananiambia mimi ni mtoto wa kurudishwa. Nilipelekwa, nikarudishwa. Nilidhani ni utani wa bibi na mjukuu."

Nikamwambia huenda ulikuwa utani kweli. Akaniangalia kwa uso wangu mwenyewe, na mimi mwenyewe sikujiamini.

Anataka kuja. Nguo za safari ziko kwenye kamba zinakauka, na shemeji yangu, maana sasa nina shemeji, amekubali kushika mashine. Lakini hapandi basi kabla hajajibiwa, wala mimi sipandi. Nani alimrudisha?

Binti yako, na dada yake


Jumatano, 2 Julai

Wanangu,

Salamu zenu zimefika. Mimi naandika mstari, napumzika, naandika mwingine. Shangazi yenu ananishikia karatasi isiteleze. Anayaona haya yakitoka.

Bibi yenu hakutania. Alinikabidhi nyote wawili, na mke wangu alikuwa akiwasubiri nyote wawili. Niliondoka kijijini na mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Karibu na matanuri ya matofali mkaanza kulia kwa pamoja. Nikashuka, nikakaa ukingoni mwa njia. Jua lilikuwa zuri, njia ilikuwa kavu, hakuna mtu aliyenitisha. Niliogopa tu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi na sikujua hata kimoja cha kufanya na vilio viwili. Nikageuza baiskeli. Nilimrudisha aliyekuwa kifuani, kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kumfungua. Usitafute sababu nyingine, mwanangu wa mashine, haipo. Nikamwahidi bibi kwamba nitakufuata Jumamosi inayokuja.

Nilikusudia hivyo. Na nilikuja, Jumamosi hiyo na nyingine zote, na kila mara niliondoka bila wewe, kwa sababu ya neno moja nililokuwa nimekwisha kulisema nyumbani. Dada yako ameuliza kama Mama alijua. Alijua mlizaliwa wawili, mengine hakujua. Nilimwomba asimwambie mtoto kamwe kwamba walikuwa wawili, akaniheshimu mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akilia peke yake jikoni, nami nilimbembeleza, kisha nikatoa baiskeli.

Siku ile ya kwanza nilimkuta mlangoni amenyoosha mikono yote miwili. Akampokea mmoja, akachungulia nyuma yangu, akauliza wa pili yuko wapi. Kama ningesema kweli, tungerudi jioni ile ile kumchukua.

Nilimwambia amefia njiani.