Geti la Kusini

Kwa dada yangu mpenzi Arlys,

Salamu nyingi. Natumai goti lako limetulia huko Arizona, na kwamba shemeji Duane bado analalamikia joto. Sisi huku Dakota tu wazima, na mimi mzima kuliko wote, maana nina bahati ambayo haijapata kuonekana wilaya hii. Theluji ya mwezi wa tano imepiga kila mfugaji, ila ng'ombe wako ulioniachia haikuwagusa hata ukwato. Mawingu yenyewe yananiogopa, dada!

Jumatatu nilikuwa mgahawani, jua linawaka, nimevaa fulana, nawafunga watu karata. Jirani yetu, mzee Orval, akaingia na koti zito. Nikamuuliza kama anakwenda kuwinda dubu. Akasema upepo umegeukia kaskazini, niende nikafungue geti la kusini sasa hivi. Nikamwambia, "Mzee, mifupa yako inatabiri theluji tangu nikiwa kwenye nepi." Watu wakacheka. Yeye akasema, "Cheka, Leland. Ng'ombe hawajui kucheka."

Geti nilikuwa nimelifunga kwa mnyororo. Wiki iliyotangulia ng'ombe walipita hapo wakaingia kwenye ngano ya Orval, akanitania mbele ya kanisa zima kwamba mimi najua kuzalisha ng'ombe, kulisha namwachia yeye. Nikaapa hawatatoka tena.

Jioni ikanyesha mvua, ikawalowesha ng'ombe, nao manyoya ya baridi walikuwa wameshayapukutisha. Kisha ikaja theluji ya upepo, ile isiyoanguka chini, inakuchapa usoni. Nikatoka na gari kwenda kulifungua geti, nikaishia mtaroni, nikarudi nyumbani kwa kushikilia waya wa uzio. Unawajua ng'ombe: hawaukabili upepo, wanaupa mgongo na kutembea mpaka kitu kiwazuie. Nyuma ya geti lile ndiko kwenye korongo la miti, ambako baba aliwaachia wajifiche kila dhoruba ilipokuja.

Theluji ilipokatika, Orval alikuja na trekta. Nilingoja anitukane, ningemshukuru. Alivua kofia tu, akasema, "Haya mwanangu, tuanzie huku." Mkewe akaleta bakuli la viazi na nyama ya kusaga, kama wapelekavyo msibani. Ndama mmoja tulimkuta anapumua. Nilimtia kwenye bafu la maji ya uvuguvugu, nikamwimbia upuuzi mpaka akafumbua macho. Sasa yuko jikoni, anatafuna pazia ulilolishona.

Najua ulipanga kurudi msimu wa majani kupukutika, uwachunge mwenyewe. Kwa simu nilishindwa kusema, ningeanza mzaha.

Msalimie shemeji, na ulifunge goti hilo usiku.

Bahati niliyojisifia ni uongo, dada. Ng'ombe wako wamekufa wote ila ndama huyo, wamelaliana kwenye geti nililolifunga mimi.

Mdogo wako,
Leland