Mume Wangu Anadhani Ufundi Umemwisha

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi nipokee hivyo hivyo, maana shida haiulizi miaka. Nimekuwa nikisoma barua za wenzangu katika ukurasa huu na kutikisa kichwa, nikisema watu hawa wanajitakia wenyewe, na leo ni mimi nimekaa mbele ya cherehani, nguo ya mteja imelala hapo haijaguswa, natafuta pa kuanzia. Naomba unisaidie, na ukinigombeza nitakuelewa.

Mume wangu ni fundi wa magari, na nasema ni fundi ingawa gereji yao ilishafungwa na yeye akastaafu, kwa sababu mtu kama yeye hastaafu, anabadilisha tu mahali pa kuchafukia nguo. Katika ujana wake alikuwa akilitengeneza gari la daktari mmoja wa meno, gari la zamani la paa la turubai, lile paa linalokunjwa likalala nyuma ya viti, na miaka yote hiyo hakuruhusiwa kuliendesha kupita geti la gereji, analiwasha, analisikiliza, anamkabidhi mwenyewe ufunguo. Daktari alipofariki gari lilisukumwa stoo nyuma ya nyumba yake likarundikiwa magodoro, likakaa humo mpaka wanangu wakakua, wakaoa na kuolewa, na warithi walipotaka kuibomoa ile stoo mume wangu akachukua kiinua mgongo chake akaenda kulinunua bila kunishauri. Nilipoliona linashushwa uani, panya wamezalia ndani ya viti, tairi zimepasuka kama visigino vya kiangazi, paa limebaki mbavu tupu, nilimwuliza, “Baba watoto, hili ni gari au mzoga?” Akacheka akasema, “Mzoga hauna injini, mama.” Jirani akachungulia juu ya ukuta akaliita Kipara, na jina likakaa.

Sikudhani litafufuka. Injini ilikuwa imeshikamana, akamimina mafuta ndani ya silinda akayaacha yalowe, kila asubuhi anaijaribu kwa spana kuona kama imelegea, mpaka siku moja nikasikia anapiga kelele uani nikatoka mbio nikidhani ameumia, kumbe imezunguka. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu ndani ya tangi, akalikwangua tangi zima, akafungua breki zote nne, akaweka mabomba mapya, na mimi akaniachia paa. Mshauri, nimeshona magauni ya harusi, sare za shule na mapazia ya ofisi, lakini hakuna kazi iliyonitoa jasho kama paa lile, turubai linavunja sindano, na yeye amesimama ananishikia upande wa pili akisema, “Vuta kidogo, mama watoto, mvua haina adabu.” Tulikuwa na raha ambayo hatukuwa nayo tangu watoto wahame. Nakueleza hivi ujue ni kitu gani nimekiharibu.

Siku ya kwanza alipolitoa barabarani tulikunja paa, nikafunga kitambaa kichwani, watu wanatupungia mikono, na mimi najiona malkia wa mtaa, mpaka tulipofika penye duka la dawa mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akawa anavuka kutoka kushoto, anavuka taratibu, mchana kweupe, hakujificha nyuma ya kitu chochote, na mume wangu anakwenda tu. Niliushika usukani nikauvuta. Gari likapanda ukingo wa barabara likazimika, yule mama akatutukana, na alikuwa na haki ya kututukana. Mume wangu akanigeukia akaniuliza, “Ametokea wapi huyu?” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. Baadaye akasema breki zina kasoro, akazifungua upya, wiki nzima yuko chini ya gari anatafuta kosa ambalo halimo.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Chai anaimimina pembeni ya kikombe halafu anailaumu meza. Ukimjia kwa ubavu anashtuka. Nikamwambia twende hospitali tukapimwe macho, nikasema tukapimwe sote wawili ili asijione ametengwa, akanijibu, “Macho yangu yana nini? Mbona nakuona unavyozeeka vizuri?” Nikacheka, na kicheko changu kikawa ndio mwisho wa mazungumzo. Sikuthubutu kurudia, kwa sababu mama yake alipofuka uzeeni, wanawe wakawa wanamhamisha kama kiti, asubuhi barazani, mchana ukumbini, jioni chumbani, na mume wangu aliniambia tulipokuwa wachumba kwamba heri kaburi kuliko kiti kile.

Basi akatangaza kwamba Jumapili inayofuata atawapakia wajukuu. Mshauri, usiku huo sikulala, na asubuhi, alipokwenda kununua sigara, nilifungua boneti. Enzi za ujana wetu nilikuwa namshikia taa na kumsafishia platini kwa msasa, vile vidude viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndipo cheche ipatikane ya kuwasha injini, kwa hiyo nilijua pa kugusa. Nilikata kipande cha nailoni kutoka kwenye mfuko wa vifungo, chembamba, hakina rangi, nikakichomeka katikati yake. Jumapili ilipofika gari halikuwaka, wajukuu wakalia, mimi nikashukuru Mungu. Nilidhani ataona, tena nilitamani aone, maana mume wangu wa enzi zile angekiona kile kipande akiwa amesimama mlangoni. Hakukiona. Akisafisha platini kinadondoka bila yeye kujua, gari linawaka, anafurahi, na mimi nakata kingine. Amebadilisha koili, amebadilisha waya, amebadilisha plagi, na kila mara anakaa kwenye kigogo anaitazama mikono yake. Miezi inakwenda, mimi nakata nailoni.

Nisingekuandikia kama yasingefika ya juma lililopita. Kuna fundi mwenzake wa gereji ile ile, ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi, na fundi hamwiti fundi mwenzake kuja kumtengenezea gari lake, ni aibu, lakini alizidiwa akamwita. Nikaogopa. Nikajua huyu mwenye macho mazima atakiona kile kipande na nyumba itaungua, basi kabla hajafika nikakiondoa. Mgeni akaja, akanisalimu, “Shemeji, hujambo,” akaweka mfuko wake wa vifaa chini, akageuza ufunguo tu, na Kipara akawaka papo hapo akanguruma vizuri kabisa. Akamwangalia mume wangu akasema, “Mwalimu, mbona halina kitu?” Hakuwa na nia mbaya. Mume wangu alibaki ameshika taa, ameiwasha mchana, hajui aielekeze wapi, halafu akasema, “Basi ni mimi.” Tangu siku hiyo hazungumzi. Anakula kidogo, anajibu kwa kichwa, na jana ameniambia kwamba Jumamosi atamgawia yule mwenzake vifaa vyake vyote, spana zote, kwa sababu mikono yake imekufa na chuma kinalijua hilo.

Mikono yake haijafa. Najua mwaka huu wote haikukosea hata mara moja. Nikimwambia ukweli atajua kwamba nimemhujumu na kwamba anapofuka, yote kwa siku moja, na nisipomwambia atakufa akidhani ufundi ulimtoroka. Nimwambie lipi, mshauri? Au nikae kimya gari liuzwe, tuzeeke hivi hivi?

Ni mimi,
Mshona Paa

*

Mshona Paa,

Marahaba, maana kwa hesabu zangu nimekuzidi kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na nakujibu hasira ikiwa bado haijapoa, kwa hiyo weka mkasi chini unisikilize.

Siku ile ulipoushika usukani uliokoa watu wawili, na hilo hakuna wa kukunyang'anya. Kuwazuia wajukuu wasipande pia ulikuwa wajibu wako. Lakini mdomo ulikuwa nao. Ungemnyima ufunguo, mkagombana, mkanuniana, sufuria zikagongwa jikoni, watoto wakapigiwa simu waje kusuluhisha, yakaisha. Uliogopa ugomvi wa wiki moja, ukamtwisha mwenzako aibu ya miezi. Sasa ana macho mabovu anayoyadhani mazima, na mikono mizima anayoidhani mibovu, na wewe peke yako ndani ya nyumba hiyo ndiye unayejua kipi ni kipi. Mzigo huo ni mzito, nakubali. Ni wewe uliyejitwisha.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonikasirisha. Mimi si daktari, ila nimewauliza wanaojua, wakaniambia yapo maradhi ya presha ya macho yanayoanza kula pembeni, kimya kimya, mgonjwa hahisi maumivu, anaona tu watu wanamtokea ghafla. Kilichokwisha kupotea kwa kawaida hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kikiwahiwa. Huenda wa kwako ana hayo, huenda ana mengine, mimi sijui na wewe hujui, kwa sababu hajapimwa. Hesabu basi vipande vya nailoni ulivyokata, ujue kila kimoja kilimchelewesha. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe umeficha maradhi ambayo hata si yako.

Unasema hukutaka awe kama mama yake. Nakuuliza, marehemu mkwe wako alitendewaje? Watu wazima walikaa wakaamua wapi akae, saa ngapi aondolewe, bila yeye kuulizwa. Wewe umeamua kama gari liwake au lisiwake, kama aonwe na daktari au asionwe, na kama ajione fundi au ajione takataka. Kiti ni kile kile, mama, wewe umekishonea mto tu.

Haya, futa machozi, kazi ipo. Usingoje Jumamosi. Barua hii ukiisoma asubuhi, mwambie mchana. Usimwambie kitandani na usimwambie mbele ya watoto, na yule fundi mwenzake asiwepo, maana mwanamume huyu amekwisha kuaibishwa mbele yake mara moja na inatosha. Mpeleke uani, fungua boneti wewe mwenyewe, weka kipande cha nailoni pale unapokiwekaga, mshike kidole umgusishe hapo. Usianze na maelezo ya jinsi ulivyompenda na ulivyoogopa. Mwambie, “Nimekuwa naweka hiki. Gari halikuwa na kosa na wewe hukuwa na kosa.” Kisha nyamaza mpaka aseme neno. Likichukua muda, lichukue.

Akishasema la kusema, ndipo umwambie la macho, nalo ulitaje kwa jina lake. Mkumbushe yule mama mwenye mtoto mgongoni. Mwambie alikuwa wazi kabisa na hakumwona. Usilirembe, usiseme “labda ni uchovu”. Nahisi habari hii haitamshangaza kama unavyodhani, kwa sababu mtu anayefungua breki zisizo na kasoro wiki nzima anaomba kosa liwe kwenye gari.

Ufunguo uchukue siku hiyo hiyo, ukae kiunoni kwako, na hapo usilegee hata akulilie. Haendeshi Kipara wala gari lingine lolote mpaka daktari wa macho aseme. Hospitali mwende pamoja kesho yake, ukae naye chumbani, usikie kwa masikio yako, kwa sababu akiambiwa peke yake atarudi na hadithi nyingine. Vifaa vyake havigawiwi kwa mtu. Fundi aliyeifufua injini iliyoshikamana kwa kuigusa tu kila asubuhi hakuifanya kazi ile kwa macho, na yako mengi ndani ya gari yanayotengenezwa kwa vidole na masikio. Yule mwenzake aje aendeshe, yeye akae pembeni asikilize injini amwambie wapi inakohoa. Na wajukuu, kwa sasa, waende kwa miguu.

Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo kana kwamba unadai chenji. Anaweza kukufokea mpaka jirani yule wa ukutani ashuke mwenyewe kwa haya. Anaweza kuhamia chumba walichokiacha watoto, na sikuahidi kwamba atarudi upesi, kama ambavyo sikuahidi macho yake. Huenda mkafika kwa daktari mkaambiwa mmechelewa, ukalibeba hilo maisha yako yote. Pika, weka mezani, kaa karibu, usijitetee.

Akifoka, mwache afoke. Atakuwa anafoka akijua kwamba yeye bado ni fundi.