Mawingu Niliyokuwekea

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu sijui kuongea na wewe bila kukuamkia, ingawa marahaba yako sitaisikia. Asubuhi imenyesha, soko la Nyakahura lina matope na wateja ni wachache. Nimekaa pale pale chini ya mwavuli wetu, daftari liko juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mjukuu wako amelala mgongoni kwangu. Niliishia la saba, mwenyewe unajua, kwa hiyo nikikosea mahali utanisamehe.

Nataka nikueleze habari za picha yako, maana ilinikosesha raha muda mrefu.

Unakumbuka ulivyokuja kutoka Ntobeye, mimi nikiwa na mimba ya miezi sita? Ulikuja na begi moja na kiroba cha karanga. Nilitaka ukae nyumbani upumzike, ukakaa siku mbili tu. Siku ya tatu ukasema, "Siwezi kushinda naangalia ukuta," ukachukua sinia, ukanifuata sokoni. Ukaweka kigoda chako nyuma yangu, ukawa unauza karanga za kukaanga huku unatazama kazi yangu.

Kazi yenyewe uliielewa siku ile ile, lakini hukuikubali. Nilimpiga picha kijana wa bodaboda, amesimama mbele ya duka la mbolea kama watu wote wanavyosimama. Nikakaa chini nikaitengeneza kwenye simu. Anga nikaifanya nyeusi, mawingu nikayanyanyua yakawa kama yanataka kuanguka, nyuma ya kichwa chake nikaweka mwanga. Macho nikayang'arisha. Pikipiki nayo nikaisukuma rangi mpaka ikawa nyekundu kama moto. Mtu aliyekuwa mbele ya duka la mbolea akaonekana kama anasubiri mwisho wa dunia. Kijana akafurahi, akaiweka palepale kwenye simu yake, akaondoka anaitazama.

Wewe ukaniuliza, "Sasa mvua yote hii inanyesha wapi, na sisi jua linatuchoma?"

"Ndivyo wanavyopenda, mama."

"Na yeye mbona hajakimbia?"

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni. Tangu hapo, kila nikimaliza picha ulinyoosha shingo na kuuliza, "Huyu naye umemnyeshea?"

Mama, mimi kazi ile niliipenda, na bado naipenda. Watu wa huku hatuna vitu vingi vya kujionyesha. Mtu amelima wiki nzima, viatu vimepasuka, siku ya soko anataka ajione mkubwa mara moja. Mimi nampa. Sioni ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye desturi yangu moja ambayo hukuijua. Simu yangu memori yake ni ndogo. Kila jioni kabla ya kufunga nilikuwa nafuta picha zote za mwanzo, zile zilizopigwa kabla ya kutengenezwa, nabaki na zilizong'aa tu. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kuulizia ile ya mwanzo. Kwangu zilikuwa kama maganda.

Halafu siku moja nikakupiga na wewe. Ulikuwa unapepeta karanga, kilemba kimekwenda upande, jasho usoni, na kovu lako juu ya nyusi ya kushoto linaonekana wazi. Ulikuwa hujui. Nikageuka kando nikaanza kukutengeneza. Nikakupunguzia weusi. Jasho nikalifuta, kovu nikalifuta, mistari ya shavuni nikailainisha. Pengo la jino nalo nikaliziba. Sinia nikaitoa. Nyuma yako nikaweka milima ambayo sijui ni ya nchi gani, na mawingu yangu. Nilifanya kwa mapenzi, mama. Nilitaka ufanane na mtu aliyepumzika.

Ulipoishika simu uliipeleka mbali, ukaileta karibu. Ukaniuliza, "Huyu ni mke wa mbunge wa wapi?"

"Ni wewe."

"Mimi?" Ukaitazama tena. "Na kovu la dada yangu umelipeleka wapi?"

"Nimelifuta. Lilikuwa linakuzeesha."

"Lirudishe basi, mwana wanje," ukasema, ukiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu. "Dada yangu alinipa bure."

Nikakujibu, "Kesho nitalirudisha." Nikakujibu hivyo huku nahudumia mteja, wala sikukutazama. Jioni nikafuta picha za mwanzo kama kawaida, na yako ikaenda humo humo. Kesho yake wala hukuniuliza, na mimi nikasahau.

Wiki iliyofuata ukarudi Ntobeye kuvuna maharage. Ulisema ukishaanika utakuja, kwamba mtoto utamwogesha mwenyewe, mimi mikono yangu ni ya kushika simu. Sikujua kama ndiyo mara ya mwisho. Baada ya siku kumi na mbili wakapiga simu kuwa kichwa kimekuuma sana shambani, ukaanguka, na gari la kukupeleka hospitali lilipopatikana ulikuwa umeshatutoka.

Kwenye msiba wakasema, "Picha si anazo huyu, ndiyo kazi yake." Nikatafuta simu nzima. Ilikuwepo hiyo moja. Tukaipeleka mjini ikachapwa kubwa, ikawekwa kwenye fremu, ikasimamishwa juu ya meza mbele ya jeneza. Watu wa kanisani walisema imependeza. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na tumbo langu, mama mkubwa akaja pale mezani polepole na fimbo yake. Alisimama muda. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya nyusi ya kushoto, akawa anapapasa.

Akauliza, bila hasira, "Mmemweka nani hapa?"

"Ni mdogo wako, mama mkubwa," akajibu mtu.

"Mdogo wangu nilimkata na jembe tukiwa wasichana, tunalima mahindi ya baba. Alama ilikuwa hapa. Huyu sijamkata mimi."

Wakamshika mkono wakamkalisha. Wakasema ni majonzi. Mimi ndiye niliyejua kuwa mama mkubwa yuko sawa kuliko sisi wote. Sikusema. Niliona aibu, nikainamisha kichwa watu wakadhani nalia tu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, tukampa jina lako, Adelina. Alipoanza kutambaa nikaitundika ile fremu ukutani ili akujue. Kila siku nilikuwa nainyooshea kidole, namwambia, "Bibi." Alipoanza kusema, siku moja nikamuuliza bibi yuko wapi. Akaitazama fremu. Halafu akageuka upande wa pili, kwenye kalenda ya duka yenye mwanamke wa tangazo la sabuni, akanyoosha mkono. "Bibi." Na kwa kweli walikuwa wanafanana. Wote wanang'aa, wote hawana hata kipele, wote wamesimama mahali ambapo sisi hatujawahi kufika.

Nikaishusha siku hiyo hiyo, nikaiweka chini ya godoro. Baba Adelina akaniuliza kwa nini, nikamwambia msumari umelegea.

Tangu hapo nikaanza kukutafuta. Niliwapigia wajomba, hakuna mwenye picha yako. Kitambulisho chako cha kura tulikipata mfukoni mwa sketi, kilishafuliwa mara nyingi, kimebaki kivuli cha kichwa. Niliogopa kitu kimoja ambacho nakwambia wewe tu. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukusahau. Nikifumba macho nikuone, unakuja na ile milima nyuma yako.

Nikajiuliza, katika wateja wote wa siku zile ulipokuwa unakaa na mimi sokoni, nani aliondoka na picha ambayo sikuigusa? Nilifikiri siku nyingi. Kila mmoja nilimnyeshea. Halafu nikiwa nafua nikamkumbuka mzee Masanja.

Na wewe utamkumbuka. Yule Msukuma wa Kaniha aliyekuja mnadani na dume lake jeusi lenye tumbo jeupe, pembe moja imeinama. Alitaka picha ya kumtumia mnunuzi wa mbali. Nilizunguka upande wa pili, wewe na kigoda chako mkabaki nyuma ya dume, na nilipoweka simu sawa akanizuia kwa mkono.

"Binti, nimekuona unavyowafanya watu. Ng'ombe wangu usimguse."

"Nitamng'arisha kidogo tu, baba."

"Hata kidogo. Mnunuzi anamjua ng'ombe kwa rangi na kwa alama. Akija akakuta mwingine, ataniita tapeli. Na hayo mawingu yako yaache, dume langu halijafa liende mbinguni."

Wewe ukacheka pale nyuma ya dume, kile kicheko chako cha mdomo wote, na mimi nikabonyeza. Nakumbuka alisimama begani kwangu, hakubanduka mpaka nilipomrushia ile picha kama ilivyo. Nilimwona mshamba.

Jumatatu nikamfunga Adelina mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka Kaniha. Baba Adelina alisema nitachoka bure, mtu gani anatunza picha ya ng'ombe aliyeuzwa. Mimi nikaenda. Kuuliza haikuwa kazi, mzee anajulikana. Nilimkuta zizini anamfunga ndama, mke wake akanipa maziwa na kigoda. Nikamwamkia, nikajieleza.

"Wewe si yule wa mawingu," akasema.

"Ndiye mimi, baba. Ulishafuta ile picha ya dume jeusi?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nifute ya nini? Yule dume ndiye aliyezaa nusu ya zizi hili. Mtu akitaka ndama wake namwonyesha baba yake."

Akatoa simu, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Mama, mle ndani hakuna mtu. Ni ng'ombe tu. Akawa anawapitisha mmoja mmoja na kunieleza ukoo wao, na mimi siwezi kumharakisha mtu mzima. Nikamshika Adelina miguu, nikangoja. Mwishowe akasema, "Huyu hapa."

Dume limejaa picha nzima. Na nyuma yake, kati ya nundu na pembe iliyoinama, upo wewe. Mdogo, si mkubwa kuliko ukucha. Kilemba upande, sinia mapajani, kichwa umekirudisha nyuma, mdomo wazi, pengo linaonekana. Nikaikuza kwa vidole. Uso ukaanza kuvunjika vunjika, lakini juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na mstari.

Nikaiinamia ile simu mpaka paji langu likagusa kioo. Mke wa mzee akadhani naumwa.

"Ni mama yangu huyu," nikasema. "Alishafariki."

Mzee Masanja akaichukua simu, akaitazama kwa makini kama mara ya kwanza. "Ahaa. Huyu mama amenisumbua. Kila ninayemwonyesha anauliza, anamcheka nani? Mimi nawaambia, mwacheni mama, tazameni dume." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu. Karanga zake nilikula. Alinipimia akaniongeza kiganja."

Akanirushia palepale, nikamshukuru, tukaondoka na chupa ya maziwa.

Sasa nikuambie ukweli. Nilipofika nyumbani, kitu cha kwanza nilifungua ile programu yangu ya kutengenezea picha. Nilikukata peke yako nikaliacha dume nje, nikaweka kidole pale pa kusafisha uso. Nilijiambia ni kidogo tu, ili uonekane vizuri. Uso ukaanza kulainika, na ule mstari ukawa wa kwanza kuondoka. Nikatoa kidole. Nikarudisha kila kitu nyuma, pamoja na dume na pembe yake.

Nikaichapa hivyo hivyo, picha ya ng'ombe. Ya kwanza nikampelekea mama mkubwa kwa mtu anayekwenda Ntobeye. Alinipigia kwa simu ya jirani. Hakuniamkia wala nini, alisema tu, "Huyu ndiye niliyemkata," kisha akaniuliza ng'ombe ni wa nani.

Kazi naendelea nayo, usidhani nimeacha. Juzi tu nimemnyeshea bwana harusi mpaka mke wake akaomba na yeye awekewe radi. Ila za mwanzo sifuti tena, nazihamishia kwenye memori nyingine, na kila mteja namwambia aondoke na mbili. Wengi wanashangaa ya pili ni ya nini. Nawaambia chukua tu, utaitafuta. Nikipata pa kukodi chumba kidogo hapa hapa barabarani, nitafungua studio, na ile ya dume nitaiweka karibu na mlango watu waulize.

Kwa sasa iko ukutani, kwenye ile ile fremu ya msiba. Kalenda ya sabuni ipo bado, hakuna anayeiangalia. Adelina siku ya kwanza aliona ng'ombe tu. Siku ya pili akaona kuna mtu. Akaweka kidole juu ya mdomo wako akaniuliza, "Anacheka?" Nikamwambia ndiyo, bibi anacheka. Amemcheka babu wa ng'ombe.

Nimemfundisha kukuamkia. Kila asubuhi akishanawa anasimama chini ya fremu, anaanza na dume kwa sababu ndilo kubwa, "Shikamoo ng'ombe," halafu anapandisha kidole, "Shikamoo bibi." Anasubiri. Haondoki mpaka aitikiwe. Basi mimi huwa niko nyuma yake nakoroga uji, nakuitikia kwa niaba yako, "Marahaba, mwana wanje," na kila siku sauti yangu inazidi kufanana na yako.

Pumzika, mama. Huku hatukukosei tena.

Mwanao,
mama yake Adelina mdogo