Daktari Mwenye Maneno

Alhamisi, jioni. Mvua haijakatika hapa mtaani Busanza tangu mchana, na mimi nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi, kwa sababu leo ni siku ya furaha.

Mama anaona.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, tulipokuwa bado tunaishi Karagwe. La kulia likaingia mtoto wa jicho, likafunga polepole, mpaka akawa anapapasa ukuta kwenda chooni. Tukampeleka kwa daktari ambaye kila mtu alisema ndiye fundi wa macho hapa Kigali. Alimulika jicho, akaegemea kiti, akasema, "Mama, una bahati. Jicho kama hili wengine wanaliogopa. Mimi sijawahi kushindwa."

Nilimwona kaka yangu Innocent akikunja uso. Mimi pia nilikunja, sitaficha.

Kwenye gari Mama akasema hataki. "Mtu anayejisifu hivyo, siku moja Mungu atamwonyesha. Asimwonyeshee kwenye jicho langu."

Familia nzima ikamuunga mkono. Shangazi alipiga simu kutoka Ndera kusema daktari wa kweli ananyamaza. Hakuna aliyeuliza kama maneno ya yule mtu yalikuwa ya uongo. Kosa lake lilikuwa kuyasema.

Basi tukatafuta daktari mpole. Tulimpata, mpole kweli, alimshika Mama mikono yote miwili na kumuuliza habari za wajukuu. Mama alitabasamu hadi alipomaliza kupimwa.

"Mama, mimi jicho hili siligusi," daktari akasema. "Limekaa vibaya, na ndilo pekee ulilonalo. Kuna mtu mmoja tu ningempa jicho la mama yangu mwenyewe." Akamtaja.

"Yule mwenye maneno?" Mama akauliza.

"Huyo huyo."

Usiku wakati wa sala Mama akasema tumpeleke, lakini tumwombee daktari kwanza, maana anahitaji.

Jana akapasuliwa. Leo asubuhi daktari akaja kufungua bandeji, nyuma yake madaktari vijana. "Angalieni vizuri," akawaambia, "kazi kama hii hamtaiona mara nyingi." Wauguzi wakatazama sakafu. Bandeji ikatoka. Mama akapepesa, akageuza kichwa taratibu, jicho likatua kwa Innocent.

"Mwanangu, mbona umejaa mvi?"

Innocent akalia. Mimi nikalia. Daktari akasema, "Nilisema nini?"

Halafu akasubiri. Hilo ndilo linalonikera mpaka sasa. Alisimama pale kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri nyumbani, akitutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyempa neno. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi, niliyelia hadi kamasi, nilisema, "Haya, daktari." Haya! Kama mtu aliyeuziwa vitunguu. Akafunga faili, akatoka.

Kwenye korido Innocent akafuta machozi na kusema, "Amebahatisha."

Nilitaka kumpiga. Shangazi naye kwenye simu: si yeye, ni Mungu. Sawa, ni Mungu. Lakini jicho lingeharibika, nani kati yetu angesema ni Mungu? Tungesema ni kiburi cha daktari, na tungelisimulia hilo kwenye kila harusi.

Tunataka nini hasa kutoka kwa mtu mwenye kipaji? Afanye tusichokiweza, kisha aombe radhi kwa kukifanya? Na yeye naye, jamani, angenyamaza dakika moja tu, tungemsifu wenyewe.

Au tusingemsifu. Yule mpole tulimsifu kwa upole wake tu.

Nimemkataza Mama kuinama, kwa hiyo anachagua maharage mezani. Anatoa kijiwe kimoja kimoja, anakigeuza kwenye mwanga kana kwamba ni kito.

"Yule daktari bado simpendi," ameniambia sasa hivi.

"Usimpende, Mama."

Wiki ijayo tunarudi kupimwa. Nitamwambia mbele ya wauguzi wote na mbele ya Innocent kwamba sijaona fundi kama yeye. Atajibu kwamba anajua.

Nami nitasema tena, kwa sauti zaidi.